Mguu Juu Mbele ya Mkwe

Bilali ni mkulima wa Mandawa, wilayani Ruangwa. Analima korosho na ufuta. Ana mke, Hajra, na mtoto mmoja, Shaibu. Ana miaka arobaini na moja, lakini siku ya mpira umri huo huuacha nyumbani.

Siku ya Idi kulikuwa na mechi. Waliooa walicheza na makapera. Bilali alikuwa beki. Dakika za mwisho aliruka ili aupige mpira kwa kichwa. Mpira aliukosa. Ardhi hakuikosa. Kifundo cha mguu wa kulia kilipinda, mfupa ukavunjika.

Alipelekwa hospitali, akafanyiwa upasuaji. Mfupa uliungwa kwa kipande cha chuma na skrubu. Kisha alifungwa hogo, yaani ile plasta ngumu.

"Usiukanyage mguu huu kwa wiki sita," daktari alimwambia. "Na siku hizi za mwanzo, lala. Mguu ukae juu ya mto, juu kuliko moyo wako."

"Korosho zikianza kudondoka mwezi wa kumi, nitaweza kuokota?"

"Ukifuata masharti, utaokota."

Hajra alishona mto mkubwa, akaujaza sufi. Bilali alilala sebuleni, mguu juu ya mto. Basi angetulia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi.

Lakini Mandawa mgonjwa haachwi peke yake. Majirani walikuja asubuhi, mchana na jioni. Wengine walileta mihogo, wengine kuku. Makapera walileta vicheko. Ni jambo jema sana. Ila Bilali alilelewa kwa adabu. Mtu mzima akiingia, unakaa vizuri na miguu unaishusha. Humwelekezei mkubwa wako unyayo.

"Hodi!" Mguu chini.

Mgeni akiondoka, mguu juu.

"Hodi!" Mguu chini tena.

"Baba Shaibu, daktari alisemaje?" Hajra aliuliza.

"Alisema nisiukanyage. Kwani nimeukanyaga? Naning'iniza tu."

Siku ya nne baada ya kurudi, alikuja mjomba Lukumani. Kwa watu wa huku, mjomba si mtu wa kuchezea. Mambo ya ukoo yako mikononi mwake. Mjomba alikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alisimulia mechi alizocheza ujanani, na zote alishinda. Bilali alikaa kwenye kiti, mguu chini, jasho likimtoka.

Mjomba alipoondoka, vidole vya Bilali vilikuwa vimevimba na kung'aa. Hogo lilimbana. Hajra aliogopa. Alikimbia kwa jirani yao Domitila, mhudumu wa afya wa kijiji.

Domitila alikuja upesi. Kwanza alimlaza Bilali na kuweka mguu wake juu ya mto. Kisha akagusa vidole.

"Unasikia nikigusa?"

"Nasikia."

"Vichezeshe."

Bilali alivichezesha. Domitila akabonyeza ukucha, akaachia. Rangi ilirudi haraka.

"Vina joto, na damu inapita," alisema. "Una bahati, kaka Bilali."

Hakuishia hapo. Alipiga simu hospitali. Daktari alisema mguu ukae juu. Kama baada ya saa moja hogo bado linabana, au maumivu yakizidi, mgonjwa apelekwe bila kuchelewa. Saa moja ilipita. Hogo lililegea kidogo, na Bilali akashusha pumzi.

Hapo ndipo Domitila alipomsema.

"Leo mguu huu umening'inia kwa muda gani?"

"Mjomba alikuwa hapa, dada. Ningefanyaje?"

"Maji hayapandi mlima. Ukiushusha mguu, maji ya mwili yanateremka na kujaa hapo kwenye kidonda. Mguu unavimba, lakini hogo halipanuki. Damu ikikosa njia, unaweza kuupoteza mguu."

Bilali aliutazama mguu. Aliona korosho zake zikioza chini ya miti, na yeye amekaa mlangoni akizitazama. Aliogopa kweli.

Domitila akamgeukia Hajra. "Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, kimbieni hospitali. Na homa, harufu mbaya, au maumivu yanayozidi. Misuli ya nyuma ya mguu ikiuma na kuvimba, au akibanwa na pumzi, msingoje hata kidogo. Hogo lisilowe. Msitie mafuta ya ufuta humo ndani, wala kijiti cha kujikunia."

Bilali alirudisha kijiti chake chini ya mkeka polepole. Domitila alikiona, akakichukua.

"Mjomba nitamwambia," Bilali alisema. "Lakini Ijumaa anakuja mama mkwe kutoka Nambilanje. Nimwonyeshe unyayo mama mkwe? Bora mguu uoze!"

"Ukioza, nani atamlimia binti yake?"

Hajra alicheka. Kisha akachukua simu, akatoka nje.

Ijumaa ilifika.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya mama mkwe, Bi Mwanaima. Bilali alishika mguu kwa mikono miwili, akaanza kuushusha.

"Acha hapo hapo!" sauti ilisema kutoka nje. "Nimeshaambiwa yote. Mimi siingii."

Bi Mwanaima aliomba mkeka. Akakaa barazani, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Hakumwona Bilali, wala Bilali hakumwona.

"Unaendeleaje, mkwe wangu?"

"Shikamoo, mama. Naendelea vizuri."

Walizungumza hivyo mpaka alasiri, kwa dirisha. Adabu ilibaki, na mguu ulibaki juu. Habari zilienea. Tangu siku ile kila mgeni alikaa barazani. Hata mjomba Lukumani alihamishia huko mechi zake.

Baada ya wiki mbili hospitali walifungua hogo, wakatoa nyuzi za kidonda, wakafunga jingine. Baada ya wiki sita mguu ulipigwa picha, na hogo likaondolewa. Mguu ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Bilali alikwenda Nachingwea kwa mtaalamu wa mazoezi. Alifundishwa kukanyaga kidogo kidogo kwa magongo. Alifundishwa pia kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Shaibu alimsimamia kama mwalimu. Siku ya kwanza baba mtu aliishia herufi ya M, akachoka. Wiki iliyofuata alifika Z.

Mwezi wa kumi korosho zilidondoka. Bilali aliokota, akapumzika, akaokota tena. Mpira bado. Daktari alisema angoje mpaka mwakani, na Hajra alisema angoje zaidi.

Siku moja Bilali alikwenda Nambilanje kumshukuru mama mkwe. Pikipiki ilimshusha barabarani. Kutoka hapo alitembea mwenyewe, bila gongo, kuku mkononi.

"Hodi!"

Bi Mwanaima alikuwa anapeta mpunga. Alimtazama mkwewe akija kwa miguu yake miwili, na machozi yakamlengalenga. Alisogeza kigoda.

"Karibu, mkwe wangu. Kaa," alisema. "Leo weka mguu chini."