Kopo la Mafuta ya Breki

Kila siku akirudi shuleni, Kidomo alivua sare, akala chakula alichofunikiwa, kisha akaenda gereji kumpokeza babu yake spana. Jina la Kidomo alilipata kwa maneno mengi. Lakini wiki ile alikaa juu ya tairi bovu, kimya kama maji ya mtungini.

Mbele yao lilikuwa gari kuukuu la mkunga wa mtaa, lenye breki za dramu magurudumu yote manne. Breki zilikuwa zimekufa mara ya tatu ndani ya wiki tatu. Jana yake kanyagio lilizama mpaka sakafuni, na mkunga akalipeleka gari ukutani ili lisimame. Kiti cha nyuma alikuwa amempakia mama mwenye uchungu wa uzazi. Mungu si Athumani, walitoka salama.

Babu alipiga jeki, akafungua gurudumu, akaigonga dramu, lile bakuli la chuma nyuma ya gurudumu, kwa nyundo ya mti, taratibu, mpaka ikatoka. Ndani yake, vile viatu viwili vya breki vinavyotanuka kuibana dramu vilikuwa vimelowa chapachapa. Akachomoa raba ndogo za kuzuia mafuta yasivuje. Zilikuwa zimevimba, laini kama mkate uliolowa chai.

"Raba mpya hizi!" babu alinong'ona. "Nimezitia kwa mkono wangu, wiki haijaisha."

Kidomo akatazama kucha zake. Yeye alijua. Majuma matatu nyuma, akivuta pampu ya baiskeli kwenye rafu, aliliangusha kopo la mafuta ya breki, likamwagika karibu lote. Kwa hofu akalijaza mafuta ya cherehani kutoka chupa ya bibi, akafuta sakafu, akanyamaza. Kumbe mafuta yale huziozesha raba za breki. Na kila babu alipotia raba mpya, alizinywesha kutoka kopo lilelile.

"Hodi, fundi!" Mkunga aliingia, kidole gumba kimefungwa bandeji. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Gari haliumwi, mwanangu. Mgonjwa ni mimi." Babu alianza kuzipanga spana kwenye kitambaa, moja moja, kama mtu anayefunga safari. "Uzee umenishukia mikononi. Tafuta fundi mwingine. Kesho nafunga gereji, kabla sijaua mtu."

"Aa, fundi! Nani asiyekosea?"

"Mara tatu?"

Babu akamgeukia Kidomo. Macho yake yalikuwa mekundu, na Kidomo hakuwahi kuyaona hivyo hata msibani.

"Mjukuu wangu, wewe unaona vizuri. Ulikuwa hapa nikifunga. Hebu niambie, nilikosea wapi?"

Kidomo alishuka kwenye tairi.

"Hukukosea, babu." Machozi yakamtangulia. "Nilimwaga mafuta ya breki. Nikajaza kopo mafuta ya cherehani."

Babu alichota maji katika glasi, akadondoshea mafuta ya kopo lile. Yakaelea juu, yakimetameta.

"Mafuta ya breki huchanganyika na maji," alisema polepole. "Haya yanaelea."

Hakufoka. Kidomo alitamani afoke.

Kazi ilichukua siku mbili. Waliosha mabomba kwa spiriti, wakabadilisha raba zote na viatu vilivyolowa, wakamimina mafuta ya kopo jipya. Kidomo aliketi kwenye usukani. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" babu aliita toka chini, mpaka mapovu ya hewa yakaisha na kanyagio likawa gumu. Babu akalijaribu gari uani, tupu. Likasimama papo hapo. Lakini hakutabasamu.

"Kumwaga si kosa," alisema akifuta mikono. "Hata mimi nimemwaga mengi. Ila ulipoficha, ulinifanya nitafute ubovu ndani ya nafsi yangu. Na watu watatu wangekufa."

"Watatu?" Kidomo aliuliza. "Si walikuwa wawili?"

"Na aliye tumboni je?"

Kidomo akainamisha kichwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," aliongeza mkunga, aliyekuja kulichukua gari. "Kosa likisemwa mapema, mwanangu, hutibika likiwa bado dogo. Mama yule amejifungua salama, lakini mpaka leo anaogopa kupanda gari. Nani atamweleza yaliyotokea?"

Babu hakumtazama mjukuu wake. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akasubiri. Kidomo akapanda.

Safari ilikuwa fupi. Gari lilisimama kwa upole mbele ya nyumba yenye nepi zilizoanikwa. Hakuna aliyemwambia ashuke. Alishuka mwenyewe, akapiga hodi.