Alamu Ilikuwa Inalia, Sikusikia Alichosema Mdogo Wangu

"Agapiti, huyu si mdogo wako?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu Severini. Ameshika mchi wa kinu, anahema kama aliyetoka kupasua kuni.

Chini kwenye matope alikuwa amelala Dionisi. Kitinda mimba wa mama yangu! Shati limechanika, damu inamtoka sikioni.

Watu kama thelathini wamemzunguka. Wote wananitazama mimi.

Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha kumwokoa...

"Ndiye," nikasema. "Ndiye huyu huyu aliyeniibia na ile ya kwanza!"

Jamani. Fimbo zikaanza upya.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nina miaka sitini na tatu sasa. Hii habari sijawahi kumsimulia mtu. Anayetaka kunitukana kwenye maoni anitukane tu, sitamjibu.

Ilikuwa Lipangalala, Ifakara, mwaka 1998, ile mvua ya El Nino. Kazi yangu ilikuwa kununua mpunga vijijini. Bila pikipiki mimi si kitu.

Pikipiki ya kwanza iliibwa mwaka 1995. Dionisi aliiazima akaenda nayo Kisawasawa, alikokuwa analima. Akarudi kwa miguu, macho mekundu.

"Kaka, wameiba."

"Nani kaiba?"

"Sijui, kaka. Niliingia ndani kunywa maji tu, kutoka nje sikuikuta."

"Umeiuza wewe!"

Akaapa. Akalia. Akapiga magoti mbele ya mke wangu, Dativa, amwombee kwangu. Sikumwamini. Tangu siku ile nikimwona njiani naitikia salamu yake huku natazama pembeni.

Lakini alikuwa anakuja kwangu nikiwa sipo. Analeta ndizi na samaki wakavu. Binti yetu Luciana alikuwa na miaka minne, na hakuna mtu aliyempenda kama huyo baba yake mdogo.

Nilipopata pikipiki ya pili nikasema, hii haiibiwi! Nikaagiza alamu kutoka Dar. Enzi hizo Ifakara nzima nadhani tulikuwa nazo wawili, watatu. Kidude cheusi kinakaa chini ya siti. Ukiigusa tu pikipiki, kinapiga kelele mtaa mzima unaziba masikio, na injini haiwaki mpaka ukizime.

Kuku akirukia siti, inalia. Radi ikipiga, inalia. Mbuzi akijikuna kwenye tairi, inalia! Wiki ya kwanza majirani walikuwa wanatoka mbio. Baadaye wakawa wanasonya tu.

Ufunguo wa akiba nilimwachia Dativa. Ila kitufe cha kuzimia alamu nilikificha, na sikumwonyesha mtu. Hata yeye.

"Baba Luciana, kukitokea shida na wewe haupo je?" aliniuliza.

"Shida gani? Wewe ukijua, Dionisi atajua."

Hakuniuliza tena.

Sasa ile Jumamosi, asubuhi, nilitaka kwenda Kibaoni kuonana na mwenye mashine ya kukoboa. Pikipiki nilikuwa nimeiosha jana yake, inang'aa. Njia ilikuwa matope matupu. Nikaona isichafuke bure... nikaenda kwa miguu.

Nilipokuwa narudi, nikapita kwa Severini. Jumuiya yetu ilikuwa inasali rozari kwake, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Wakaniita, nikaingia, nikakaa. Dativa hakujua. Yeye alijua bado niko Kibaoni.

Tuko katikati ya sala, alamu ikalia.

Tukasikiliza. Kwa kawaida inalia kidogo, inanyamaza. Safari hii haikunyamaza! Halafu tukasikia mtu anapiga kiki. Moja. Mbili. Tatu.

"Mwizi!" nikapiga yowe.

Watu wakatoka na rozari zao mikononi. Wengine wakaokota mawe, wengine wakavuta fito kwenye uzio. Vijana walikuwa wepesi kuliko mimi, walimkuta anaisukuma pikipiki kutoka uani, wakamwangusha nayo.

Mimi nilipofika ndipo Severini akaniuliza lile swali.

Na mimi nikajibu nilivyojibu.

Nisikilizeni vizuri hapa. Dionisi alikuwa anasema kitu! Niliona mdomo wake unacheza. Alininyooshea mkono, akafungua mdomo, akasema neno lile lile mara nyingi. Lakini pikipiki ilikuwa imelala pembeni yake na ile alamu inalia, inalia, inalia... sikusikia hata herufi.

Ningeweza kuizima. Kitufe nilikijua mimi peke yangu.

Sikuizima.

Kilichowanyamazisha watu ni Dativa. Alikuja mbio kutoka barabarani, kanga imemvuka, miguu mitupu.

"Dionisi yuko wapi? Mbona haji? Mtoto anakufa!"

Akaona watu. Akaona aliyelala chini.

"Mmefanya nini?" Akanigeukia mimi. "Baba Luciana, mmefanya nini? Mtoto ana degedege! Mimi ndiye nimempa ufunguo!"

Fito zikadondoka moja moja. Nikapiga magoti, nikapapasa chini ya siti kama kipofu, nikaizima alamu. Ilipokoma ndipo nikasikia neno alilokuwa anasema.

"Mtoto... mtoto... mtoto..."

Dativa alikuwa ametangulia barabarani na Luciana kusubiri pikipiki, akamwacha mikononi mwa mtu tusiyemjua, Msukuma mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli, baadaye tukaambiwa anaitwa Mayunga. Yule bwana hakusubiri mtu. Alimwona mtoto anakakamaa, akamfunga mgongoni kwa shuka lake, akakanyaga pedali kwenye matope yale mpaka hospitali. Alimfikisha akiwa hai.

Dionisi nilimbeba mimi, kwenye pikipiki ile ile. Severini alikaa nyuma kumshikilia, analia njia nzima.

Aliishi siku tatu.

Siku ya pili alifumbua macho.

"Kaka. Mtoto?"

"Mzima. Amekunywa uji."

Akatabasamu upande mmoja, ule mwingine ulikuwa umevimba.

"Ile ya kwanza, kaka... sikuiuza."

"Najua, mdogo wangu."

"Hukujua," akasema.

Hakusema tena kitu kwangu. Siku ya tatu, mchana, wakamfunika.

Polisi waliuliza. Mtaa mzima ulisema haukuona. Na mimi nikasema sikuona. Siku ya mazishi watu walinipa pole, nikazipokea.

Mwaka uliofuata pikipiki iliibwa kweli. Sokoni, saa tano asubuhi, jua linawaka. Walikuja wanaume wawili, wakainyanyua, wakaitupa kwenye pikapu. Alamu ikalia kwa nguvu zake zote! Na watu walikuwa wamejaa. Wauza nyanya wakainamia nyanya zao. Severini mwenyewe alikuwepo, akageuza uso. Hakuna aliyetaka tena kuwa wa kwanza kusema mwizi.

Sikuitafuta.

Sasa kwa nini nasimulia leo?

Wiki iliyopita binti mmoja alinitumia meseji. Yeye ni bwana shamba, au niseme bibi shamba, anazungukia vijiji vya bonde lote. Kanunua pikipiki yake ya kwanza. Kaniandikia hivi: "Baba, nifunge alamu? Inasaidia kweli?"

Siku saba nimeshika simu, sijajibu.

Luciana mwanangu, najua wewe huwa unasoma hapa. Mama yako aliniomba nikuambie kabla hajafariki, nikamwahidi, nikashindwa. Nilikudanganya kwamba baba yako mdogo alikufa kwa ajali ya pikipiki. Haikuwa ajali. Alikufa kwa sababu alitaka kukuwahisha hospitali, na mimi kaka yake nilisema neno moja baya wakati nilipaswa kusema jingine.

Umeniuliza kama alamu inasaidia. Inapiga kelele, basi. Haijui nani mwizi na nani ndugu yako. Anayetaka kuiba kweli ataibeba nayo inalia. Ukipenda ifunge, na mnyororo ongeza. Lakini kitufe cha kuizima waonyeshe watu wako wote.

Na siku ikilia, ukamkuta mtu ameshikwa, izime kwanza. Msikie anasema nini.

Ukimaliza kusoma nipigie, mwanangu.

Na usiponipigia, nitaelewa.