Mkia wa Kapita

Léonie alikuwa ameinama nyuma ya nyumba yake ya mbao, kule Majengo, akigeuza mawe ya volkano kutafuta nyenje. Jua lilikuwa limeshuka, na hiyo ndiyo saa yao. Hutoka mmoja mmoja, na mwenye mkono mwepesi huwadaka. Alikuwa na wanne ndani ya kopo la maziwa aliposikia harufu.

Udongo mbichi. Kama shimo lililochimbwa muda huohuo.

Majengo haina udongo wa namna hiyo. Kuna mawe tu, meusi, makavu.

Akainua kichwa. Mume wake alikuwa amesimama kwenye ua.

"Léonie," alinong'ona. "Nimefika."

Aubin alikuwa amepotea miezi minane. Aliondoka asubuhi kwenda kuleta maharagwe kutoka Sake, vita vikamkuta barabarani, na tangu hapo hakuna simu iliyolia, hakuna mtu aliyesema amemwona. Mara nyingi Léonie alikuwa ameiwaza siku hii. Atapiga kelele, ataanguka chini, majirani watakuja mbio. Sasa siku yenyewe ilikuwa mbele yake, na moyo wake ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Unaugusa, hausikii.

"Karibu," alisema. "Uko na njaa?"

"Nitakula nyuma, si sasa."

Aubin akaingia ndani, akakaa kwenye kiti karibu na ukuta. Viatu vyake havikuacha alama.

Nyenje wale walikuwa chakula cha Kapita. Kapita alikuwa mjusi wa manjano mwenye madoa kama ya chui, na mkia mnene kama kidole gumba. Mwenye mjusi alikuwa Laurent, mzungu ambaye Léonie alimfanyia kazi za nyumbani. Vita vilipokaribia mji, Laurent alivuka mpaka na begi moja, akamwachia Léonie sanduku la vioo na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Mjusi hana sauti, aliandika, husema kwa mkia. Ukienda polepole, huku na huku, anasema: nimekuona, sikuamini, usisogee. Akijiinua kwa miguu yote na mkia ukiwa juu, hofu imemzidi. Ncha ikitetemeka haraka haraka, ameona mawindo.

Mwanzoni Léonie alicheka. Baadaye akaona kwamba ni kweli. Paka wa jirani akipita mlangoni, mkia ulikwenda polepole. Yeye mwenyewe akikaribia, mkia ulilala tu. Jioni alimwekea chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, asipate baridi, na kumtazama akila. Katika miezi ile minane, huyo ndiye aliyekuwa mwenzake.

Jioni hiyo aliwamwaga nyenje sandukuni. Aubin akainuka kitini, akaja kuangalia.

Kapita aliwaacha nyenje. Akajiinua kwa miguu yote minne, mgongo ukapinda, mkia ukapanda juu.

Polepole. Huku... na huku.

"Ananiogopa," Aubin alisema.

"Hajakuzoea bado."

Siku zikapita. Aubin hakutoka nje. Sahani ya bugali na visamaki vya sambaza aliyopewa ilibaki ilivyokuwa, na alipoulizwa alisema atakula nyuma. Hakulala. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, na harufu ile ya udongo ikakaa pamoja naye.

Majirani walikuja kumpa Aubin pole kwa yaliyompata. Mama Cibalonza, wa nyumba ya pili, alimshika Aubin mkono. Akauachia upesi, akajifuta kiganja kwenye kitenge chake, akaaga. Kesho yake alimwita Léonie uani.

"Mama Léonie, ulimuuliza alitoka wapi?"

"Hapana."

"Muulize."

Léonie hakumwuliza. Si kwamba aliogopa jibu. Hakuona tu jibu lingebadilisha nini.

Siku ya kumi, mchana, Aubin aliweka kiganja chake kwenye kioo cha sanduku. Léonie alikuwa anachambua maharagwe. Alimwona Kapita akitoka chini ya kigae alimokuwa akijificha. Safari hii hakujiinua. Alikuja ameshuka, tumbo karibu liguse mchanga, hatua moja... akatulia... hatua nyingine.

Ncha ya mkia ikaanza kutetemeka.

Trrrr... juu ya mchanga mkavu.

Léonie alitafuta nyenje. Hakukuwa na nyenje hata mmoja ndani ya sanduku. Akafuata macho ya mjusi. Yalikuwa yanatazama kifundo cha mkono wa Aubin.

Chini ya ngozi kitu kidogo kilisogea. Kikatulia. Kikasogea tena, kuelekea kiwiko.

Tok. Kapita alikipiga kioo kwa mdomo.

Aubin aliondoa mkono bila haraka, akashusha mkono wa shati mpaka vidoleni. "Iko na njaa," alisema.

Léonie akarudi kwenye maharagwe yake. Alishangaa kuona kwamba alikuwa bado anajua lipi zuri na lipi bovu.

Kesho yake Aubin alifungua kifuniko, akaingiza mkono wote. Léonie hakupata muda wa kumzuia. Kapita alirudi nyuma mpaka pembeni, akapanua mdomo, akatoa sauti ambayo Léonie hakujua kama anayo, ukelele mwembamba kama wa mlango usiotiwa mafuta. Kisha akauacha mkia wake, akakimbilia chini ya kigae.

Mkia ulibaki juu ya mchanga. Ukaruka. Ukajikunja, ukapiga kioo, ukaruka tena.

Aubin aliinama karibu sana.

"Juu ya sababu gani inaruka? Mwenyewe hayuko."

"Itasimama."

"Saa ngapi?"

"Sijue."

Wakautazama wote wawili. Ulichukua muda mrefu. Uliposimama, Léonie aliuokota kwa kipande cha karatasi, akautupa nje.

Jumapili, wakati kengele ya misa ya jioni ilipokuwa inalia, mtu alibisha mlango. Léonie akatoka. Alikuwa Darius, aliyekuwa akifanya biashara ya maharagwe pamoja na Aubin. Alikuwa amekonda. Alishika kofia kwa mikono miwili.

"Shemeki," alianza. "Nisamehe. Barabara ilifungwa, na simu nilinyang'anywa. Nimekuja kukuambia juu ya Aubin."

"Sema polepole."

"Tulikuwa karibu na ziwa, Lac Vert. Risasi ilimupata hapa." Akagusa ubavu. "Hakuteseka sana. Nilimuzika mimi mwenyewe, shemeki. Udongo kidogo, kisha mawe, juu ya mbwa, wasimufukue."

Léonie aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa habari za mvua.

"Iko na kingine," Darius alinong'ona. "Nimepita pale jana, nitafute alama za kukuonyesha mahali. Mawe yamefunguliwa. Ndani hakuna kitu. Batu ya pale banasema mama ya Aubin, Mama Athanasie, alishuka kutoka Masisi na muzee mumoja mwenye hakuna mutu anamujua. Walikaa pale siku mbili. Mama alikuwa anaita jina ya mutoto wake, na yule muzee anaitika..."

Pua yake ilikuwa imepata harufu. Macho yake yakapita bega la Léonie, yakaingia ndani, mpaka kwenye kiti cha karibu na ukuta.

Kofia ikamponyoka.

"Usimuambie," Léonie alisema. "Yeye hajue."

Darius alirudi nyuma hatua moja, ya pili, kisha akageuka. Léonie alisikia mawe yakisagika chini ya viatu vyake, mbio, mpaka barabarani. Akaingia ndani.

"Ni nani?" Aubin aliuliza.

"Hakuna mutu."

Ndani ya sanduku Kapita hakuonekana.

"Ni Darius," Aubin alisema. "Sauti yake naijua. Alisali muzuri siku ile, pale juu yangu. Nilimusikia mupaka jiwe la mwisho."

Léonie alikaa kando yake. Alingoja woga uje. Alingoja machozi pia, ya miezi minane, na ya sasa. Giza likaingia kidogo kidogo, na hakuna kilichokuja.

"Unasikia baridi?" aliuliza hatimaye.

"Kidogo."

Akavua kitenge cha mabegani, akamfunika. Kisha akainuka, akafunga mlango kwa ndani.