Skrini Iliyotazama Benchi

Siku shirika lilipouza vitu vyake, nusu ya mji wa Baraka ilijaa uani kwake kabla jua halijakaza. Mwaka ule mashirika yalikuwa yakifunga, moja leo, jingine wiki ijayo, na watu walikuwa wameshazoea: unakwenda kuaga, unarudi na kiti. Kulikuwa na akina mama waliotaka mapipa ya maji, waendesha pikipiki waliotafuta betri, mchungaji aliyekuja kwa ajili ya jenereta, na vumbi la kuwatosha wote.

Rosette alisimama mbele ya loti ya kumi na saba, yaani fungu la kumi na saba la vitu vya kuuzwa. Alivaa kitenge cha buluu chenye majani ya manjano na viatu vyake vya kazini, kwa sababu hakutaka mtu aone kwamba kazi imekwisha. Mezani palikuwa na skrini mbili za kompyuta. Ile ya kushoto ilikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye kona. Yeye ndiye aliyeipaka, ili wenzake wa ofisini wasimhamishie. Kwa miaka sita alikuwa ameingiza humo majina ya waliokimbia vita, mpaka macho yakawasha, na sasa alikuja kuinunua kama mgeni.

Aliposhika ukingo mmoja, mkono mwingine ulishika ukingo wa pili.

“Pole, mama. Hii loti nimeikamata tangu asubuhi.”

“Umeikamata na nini? Na macho?”

Mwanamume alicheka. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri ingawa kola ilikuwa imeisha, na kwapani alibana sanduku kuukuu la kompyuta alilolinunua pale pale. Jina lake Néhémie. Alifundisha hesabu shule ya sekondari, na mchana alitengeneza mashine za watu katika chumba cha mbao karibu na bandari. Watu walimwita Prof.

“Mi nataka moja tu,” Rosette alisema. “Hii ya alama.”

“Mi nataka zote mbili.”

“Za kufanya nini? Uko na macho ine?”

“Naunganisha ordinateur ya michezo. Écran moja ya bale banacheza, ya pili inaangalia ku banc. Batu ya kuangalia banasukumaka sana bale ya kucheza.” Rosette alielewa: kompyuta ya michezo, skrini moja ya wachezaji, ya pili ikitazama benchi la watazamaji ili wasiwasukume.

“Michezo! Vita iko huku na huku, we unaunganisha mashini ya kucheza mupira?”

“Njo sababu ya ile, mama. Batu bamechoka.”

Neno hilo Rosette alilijua. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Msimamizi wa mauzo akasema loti haigawanywi, wanunue au wapishe wengine. Basi wakainunua pamoja, na mapatano yakafanyika wakiwa bado wameishika huku na huku: asubuhi Rosette atawachapia watu barua na kazi za wanafunzi kwenye mashine hiyo, na mchana itakuwa ya mpira.

Kuiunganisha kulichukua wiki tatu. Rosette alikaa juu ya katoni, akimpa Néhémie skrubu moja moja. Sanduku lilikuwa la ofisi, halikuzaliwa kwa michezo. Memori waliitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Kadi ya picha ilibidi iwe fupi na isiyokula umeme mwingi, maana betri za sola zilikuwa mbili tu, na kadi ya namna hiyo, iliyokwisha tumika, ilikuwa njiani kwa mashua. Bamba la ubavuni waliliacha wazi kwa sababu ya joto, na Rosette akashonea kipande cha chandarua ili mijusi isiingie kulala.

Siku moja simu yake ililia akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

“Allô, Rose? Carte imefika!”

“Na we umekula?”

“Nakuambia carte imefika, unaniuliza chakula?”

“Carte haifi na njaa.”

Alimpelekea ugali na ndakala, wale dagaa wa ziwani, na ndipo walipogundua kwamba skrini ya pili haiwaki. Kadi ilikuwa na tundu la namna mpya, skrini ilitaka waya wa zamani. Walitafuta kichwa cha kuunganishia siku nne, mpaka Isidore, jirani anayechaji simu na betri za watu, alipokitoa kwenye projekta mbovu ya kanisa lake. Néhémie alichomeka. Skrini zote mbili ziliwaka mara moja, na pale ambapo Rosette alizoea kuona orodha za majina, chini ya tone lake jekundu, paliota majani mabichi ya uwanja. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

“Unalia juu ya nini, mama yangu?”

“Hapana kitu. Iko muzuri tu.”

“Rose, mi nakupenda. Nimechoka kuficha.”

“Umechoka ya wiki tatu? Mi niko nayo tangu ku ile loti.”

Hivyo ndivyo walivyoanza, na mimi sina la kuongeza. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, Néhémie alibonyeza neno “Étendre”, na skrini ya benchi ikabaki tupu wakati Rosette akichapa. Mchana alibonyeza “Dupliquer”, na kila kilichokuwa kwenye skrini ya mezani kikaonekana pia kwenye ile ya benchi. Waendesha pikipiki walikuja na vumbi lao, wakakaa bega kwa bega, wakasahau barabara kwa saa moja. Hata risasi ziliposikika upande wa milimani, walikuja. Sana sana siku hizo.

Mwezi wa kumi, shirika lingine lilimwandikia Rosette: kazi ya mwaka mmoja, Kalemie, kusini, safari ya mashua. Mama yake, Marthe, alikuwa na ugonjwa wa presha, dawa zilitaka hela, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumtegemea. Barua za watu zilikuwa zikipungua, nani anaandika barua wakati wa kukimbia? Rosette alilijua jibu lake tangu siku ya kwanza. Kilichomshinda ni kumwambia Néhémie. Kila alipofungua mdomo, mwenzake alikuwa akizungumzia skrini ya tatu.

Jumamosi moja hapakuwa na shule, kwa hiyo mechi zilianza asubuhi. Néhémie alitoka kwenda sokoni kutafuta waya, akawaambia watu wangoje. Rosette aliona meza imebaki wazi, akaketi kuandika jibu lake. Alikuwa amelifuta mara nne. Benchi lilikuwa upande wa pili wa skrini, hakuliona, na ukimya wa watu wale kumi na wawili haukumshtua. Alidhani wamesinzia.

Hawakuwa wamesinzia. Walikuwa wakisoma. Barua ilikuwa ya Kifaransa, na Isidore, aliyemaliza shule kwa jasho na hataki isahaulike, akawatafsiria kwa sauti ya kutoa matangazo kanisani.

“‘Niko tayari kuanza tarehe tatu Kalemie,’” alisema. “‘Sina kizuizi chochote cha familia hapa Baraka.’”

Néhémie alikuwa mlangoni, waya mkononi.

“Kizuizi,” alisema.

Rosette aligeuka. Aliinuka, akachungulia upande wa benchi, akaona maneno yake mwenyewe yakiwatazama watu.

“We njo umeacha hii écran wazi? Unanichunguza?”

“Nimesahau kubadilisha.”

“Mwalimu wa hesabu anasahau?”

“Na we umesahau kuniambia!”

“Prof,” Isidore alinong'ona, “mwambie abaki tu.”

Lakini Prof alikuwa ameumia mbele ya watu, na mwanamume aliyeumia mbele ya watu husema upuuzi.

“Mutu mwenye hana kizuizi, aende.”

Rosette alichukua mkoba wake. Barua aliituma kesho yake kutoka kwenye simu.

Siku sita zilipita. Rosette alifua nguo zilizokwisha kuwa safi. Mama Marthe alimwangalia, akazianika. Chumbani mwa mbao mechi ziliendelea, lakini Néhémie alikosea hesabu za mabao mpaka watu wakaanza kuhesabu wenyewe. Siku ya saba, jioni, simu ililia, na Rosette akaichukua.

“Rose.”

“Nimechoka, Néhé. Hata kukasirika nimechoka.”

“Mi pia.”

Upande wa Néhémie kulisikika watu wakishangilia bao.

“Ile sentensi,” Rosette alisema, “ni ba shirika njo banaulizaka. Iko ku fomu yabo. Uko na bwana? Uko na mutu mwenye kukuzuiza? Lazima ujibu.”

“Na mi? Ulishindwa kuniandika?”

“Nikuandike wapi? Niambie. Hakuna mustari ya mutu mwenye hajapiga hodi kwetu. Ku baba yangu mudogo kule Lubondja, mwenye anasimama pa baba, banajua jina yako? Miezi yote hii unanipikisha ndakala, unanionesha carte graphique. Barua ya hodi, ya kuomba mutoto ya mutu, haiko.”

Néhémie alikuwa akingoja awe na kitu kwanza: skrini ya tatu, chumba cha matofali, mshahara unaofika. Alitaka apige hodi akiwa mtu kamili. Hilo hakulisema, na Rosette akakata simu.

Siku ya mashua ya Kalemie Rosette alikodi pikipiki kumpeleka bandarini na begi lake. Alivaa kile kitenge cha majani ya manjano. Dereva alikuwa mmoja wa watu wa benchi, na alipozima injini alikohoa.

“Mama, ile barua iko muzuri. Ila mustari ya pili Isidore alikatala. Alisema heshima iko kidogo.”

“Barua gani?”

“Ya jana ile saa kumi. Prof alikuwa anaandika ku mashini, siye tunasoma. Ya kupeleka Lubondja, ku baba yenu mudogo Norbert. Kwani hukujua? Baraka yote inajua.”

Kabla hajajibu, alimwona Néhémie akija kati ya magunia ya muhogo, shati lake jeupe limelowa jasho, amekumbatia kitu kilichofungwa katika blanketi.

“Écran yako,” alisema akihema. “Ya alama. Usiende bila hii.”

“Kule kazini banatupatia za kwao. Hii mara uliacha banc inasoma kwa makusudi, ao ulisahau tena?”

“Nilisahau.”

Rosette alimtazama. Hakujua kama anadanganya, na mimi pia sijui.

“Basi ilete, niisome.”

Alitoa karatasi mfukoni, imechapwa vizuri, herufi zimesimama sawasawa. Rosette aliisoma mpaka mwisho. Halafu akaikunja na kumrudishia.

“Baba Norbert hatapokea hii.”

“Juu ya nini? Isidore ameongeza heshima!”

“Ni ya mashini. Baba yangu anasemaka, barua ya mashini ni ya serikali na ya mashirika, inakujaka na shida. Mutu mwenye anataka mutoto ya mutu, anaandika na mukono yake. Tangu nimeanza kupigia batu barua ku mashini, ya ndoa sijapiga hata moja. Banaenda kuandika kwabo.”

“Sina kalamu!”

Mashua ilikuwa imeanza kujaa. Karani wa orodha ya abiria alikuwa amesimama kwenye ubao, akiita majina. Rosette alimfuata, akamnyang'anya kalamu kwa adabu kadiri inavyowezekana kunyang'anya, akaichukua tena barua na kuigeuza upande mweupe. Wakakaa juu ya gunia. Skrini katika blanketi lake waliilaza mapajani, ikawa meza.

“‘Baba yetu mupendwa,’” Rosette alisema. “Anza na ile. Usimwite Monsieur.”

Néhémie aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, wa mtu aliyezoea namba.

“‘Mi Néhémie, niko mwalimu,’” alisoma huku akiandika. “Niseme juu ya mashini?”

“Sema. Usidanganye. Sema iko na écran mbili, na moja ni yangu, inakubakia.”

“‘Sina vitu mingi.’”

“Andika, ‘sina bado’.”

“Eh, mama!” karani alipaza sauti. “Kalamu yangu!”

“Mwaka moja, Rose,” Néhémie alisema, bila kuinua kichwa.

“Mwaka moja. Nayo itanichokesha. Andika.”

Aliandika mstari wa mwisho, akatia jina lake. Rosette akaipulizia wino ukauke, akaiweka katika mfuko wa shati la Néhémie na kuupiga kofi dogo. Dereva wa pikipiki alikuwa bado pale. Alisema njia ya Lubondja leo inapitika, kama yeye na Prof wanaondoka sasa hivi.

Rosette alipanda ubao na begi lake. Karani alipokea kalamu yake, akaikagua.

“Rosette, wa Kalemie. Kukiwa na shida ku maji, tumupigie nani hapa Baraka?”

Alitaja namba ya Néhémie kwa kichwa, tarakimu zote, bila kukosea.

“Iko nani kwako? Lazima nijaze.”

Rosette aligeuka. Néhémie alikuwa amesimama kati ya magunia, skrini kifuani, mkono mmoja umeshika mfuko wenye barua.

“Andika, kizuizi changu.”

“Mama, batu banangoja. Hii mustari si ya kuchezea.”

“Basi andika ‘bwana yangu’,” Rosette alisema, akaingia mashuani kutafuta pa kukaa.