Almasi Iliyosuuzwa Mara Moja

Kila Jumamosi asubuhi, msichana wa miaka kumi na miwili alifuatana na mama yake mdogo hadi maabara. Nyumbani walimwita Chapuchapu, kwa sababu akiosha vyombo, nusu ya povu hubaki kwenye sahani.

Maabarani alivaa koti jeupe lililomfika vifundoni na glavu zilizompwaya. Mama mdogo alikuwa akitengeneza kifaa cha kutambua ugonjwa katika tone moja la damu. Ndani yake kulikuwa na kipande cha almasi, chembamba kama ukucha.

"Almasi ya pete?" Chapuchapu aliuliza.

"Ningekuwa na ya pete, si ningekuwa bibi harusi!" Mama mdogo alicheka. "Hii imetengenezwa kiwandani. Haiozi wala haishiki kutu. Juu yake ninaunganisha protini. Vijidudu vya ugonjwa vikipita, protini inavidaka, na mashine inalia."

Kisha akamkabidhi vipande vinne. "Suuza kila kimoja mara tatu. Protini ambayo haijashika vizuri lazima iondoke, la sivyo itatudanganya."

Chapuchapu alisuuza vitatu sawasawa. Cha nne alikichovya mara moja tu, maana rafiki zake walikuwa wakimngoja uwanjani. Kwenye daftari akaandika: mara tatu.

Walipovipima kwa maji safi, vitatu vilinyamaza. Cha nne kikaliza mashine.

"Ugonjwa kwenye maji matupu?" Mama mdogo alishika kiuno. Akapima tena, jibu lile lile. "Kimoja kikidanganya, siwezi kuamini hata hivi vingine. Basi protini imeharibika. Kazi ya wiki tatu, yote bure." Akachukua chupa ya protini, akaelekea kwenye sinki.

Chapuchapu alimdaka mkono. "Mama mdogo, usimwage! Hicho nilikisuuza mara moja. Nimeandika uongo."

Mama mdogo alirudisha chupa mezani polepole. Hakugomba. Alimsogezea bakuli la maji ya kusuuzia, na Chapuchapu akasuuza upya akihesabu kwa sauti. Safari hii kipande kilinyamaza. Walipodondosha tone lenye vijidudu vilivyokwisha kuuawa, mashine ikalia, nao wakapiga makofi.

"Mkono ukikosea, tunasuuza tena," mama mdogo alisema, akimpa kalamu. "Lakini daftari likidanganya, hatujui pa kuanzia, na mtu mwenye afya njema anaweza kuambiwa anaumwa. Umesema kwa wakati, mwanangu. Sasa futa hiyo tatu, uandike kilichotokea."