Nusu Maili

"Vua kofia, we bwana, kabla hawajakuvua na kichwa."

Reinhold Sievers aligeuka. Pale Milwaukee, mbele ya ubao wa habari wa gazeti, watu walikuwa wamejazana mpaka kwenye reli za tramu, wakiimba wimbo wa taifa kwa kuwa nchi imeingia vitani dhidi ya Ujerumani. Novemba wakubwa walituomba kura kwa kuwa walituepusha na vita hiyohiyo. Aprili, aliyekumbuka ahadi hiyo akaitwa msaliti. Mimi nakumbuka. Reinhold naye alikuwa akiikumbuka, ndiyo maana alisahau kofia kichwani.

Aliyemnong'oneza ni msichana mwenye kofia ya buluu iliyopambwa kwa cheri mbili za nta. Reinhold akavua yake. Wanaume wawili wenye fimbo waliokuwa wakimkodolea macho wakapita.

"Umeniokoa," akasema kwa Kijerumani.

"Na sasa unataka tuuawe wote wawili," akajibiwa kwa Kijerumani hichohicho, chinichini. "Ninunulie kahawa, ukaongee huko ndani."

Alikuwa Adela Wendt, mzaliwa wa mji ule, binti wa wahamiaji. Reinhold, fundi mapipa wa kiwanda cha bia, alitoka Ujerumani akiwa na miaka kumi na minane. Walipendana upesi, kama watu wanaokimbia mvua. Yeye alimwita "cheri yangu". Adela alimwita "Bwana Pipa", ingawa alikuwa mwembamba kama ufagio. Adela alipopata kazi kwenye kiwanda cha makombora, Reinhold alimsubiri getini kila jioni, mkate na soseji mfukoni. Huku milango ya watu wetu wa asili ya Kijerumani ilikuwa ikipakwa rangi ya manjano, alama ya usaliti, na Otto, kaka yake Adela, akachukuliwa jeshini.

Februari iliyofuata ikatoka amri: Wajerumani wasio raia wajiandikishe polisi. Reinhold hakushtuka. Tangu ujana alikuwa na karatasi ya kwanza ya uraia, na kwa karatasi hiyo jimbo la Wisconsin lilimruhusu kupiga kura miaka kadhaa. Nani asingejiona raia? Alikwenda kituoni kuuliza tu. Afisa akamwambia karatasi ya kwanza ni ya kutangaza nia. Ya pili, yenye uraia wenyewe, hakuwahi kuichukua. Kura zake walizipokea, mwenyewe wakamkataa. Alitoka na kadi yenye picha yake na alama ya dole gumba. Adui. Akionekana ndani ya nusu maili kutoka kiwanda cha silaha, anafungwa.

Jioni ile Adela hakumkuta getini. Alisubiri kwenye theluji mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu simu ikalia kwenye duka la mikate chini ya chumba cha Adela.

Reinhold alihofia opereta anasikiliza, kwa hiyo akaongea Kiingereza, lugha aliyokuwa akiitumia kwa polisi na wenye nyumba tu.

"Bi Wendt. Sitaweza kuja tena. Samahani kwa usumbufu."

"Bi Wendt?" Adela alishika simu kwa mikono miwili. "Nani yuko hapo na wewe?"

"Hakuna. Jitunze."

Alilia wiki nzima, akaamini kuna mwanamke. Ni mwenye duka, Mama Kroll, aliyemwambia kwamba yule bwana wake husimama kila jioni kwenye kona ya bucha, kama anayesubiri jeneza litoke. Adela aliijua bucha hiyo. Akahesabu mitaa kutoka getini hadi hapo: nusu maili kamili. Akakumbuka tangazo la maadui lililobandikwa getini, alilolipita kila siku bila kulisoma hadi mwisho, akaenda kulisoma.

Alimkuta amesimama palepale, mkate mfukoni.

"Ungeniambia, Reini."

"Nikwambie nini? Sheria inasema mke anafuata uraia wa mume. Nikikuoa, na wewe ni adui. Kazi huna. Watakupiga picha kama mwizi. Otto yuko kambini na sare yao, utamwandikia nini? Nenda nyumbani, cheri yangu."

Adela akatazama nyuma. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa ameshika gazeti asilolisoma. Alitamani kukimbia kweli. Badala yake aliushika mkono wa Reinhold na kulikunjua dole gumba.

"Wino ulitoka baada ya siku ngapi?"

"Tano. Nilisugua kwa sabuni ya kufulia."

"Basi nioe, Bwana Pipa. Sabuni nitanunua mimi."

Walioana Mei, bila tarumbeta. Juni ikawa zamu ya wanawake kujiandikisha. Adela alipanga foleni na kofia yake ya buluu, kituo kikiwa mtaa wa tano kutoka nyumba alimozaliwa. Karani akamwuliza alizaliwa wapi. Akautaja mtaa. Karani akaandika: Mjerumani. Alama ya dole gumba ikaharibika, wakamshika kifundo na kuichukua upya.

Reinhold alikuwa akimsubiri mlangoni kabisa, kipande cha sabuni mfukoni. Mlango wa polisi haukuwa na nusu maili.