Niliulizwa Kama Nimehifadhi, Nikajibu Ndiyo

Nina miaka arobaini na minne, nina mume na watoto wawili, na naishi Kihonda, Morogoro. Haya ninayowaandikia hata mume wangu hayajui... Nimeyaficha kwa sababu ya woga, na woga huo unakaribia miaka ishirini sasa.

Wakati huo kampuni binafsi za simu na mtandao ndiyo kwanza zimeanza kuruhusiwa. Mimi, msichana niliyetoka chuoni, nikapata kazi ya ufundi kwenye kampuni moja ndogo pale mjini. Aliyenifundisha ni Mzee Kobelo, fundi wa siku nyingi aliyepunguzwa kazi kwenye shirika la umma. Alinichukua kama binti yake.

Tukapewa kazi kwenye hospitali ya misheni, huko milimani upande wa Matombo. Daktari alikuwa mmoja tu, bado kijana. Walitaka akiwa na mgonjwa mgumu aonane kwa video na daktari bingwa wa Dar. Mzee Kobelo akafunga dishi juu ya paa. Mimi nikaachiwa lango, yaani kile kisanduku kinachopitisha picha na sauti kati ya hospitali na nje. Kilitaka kujazwa namba nyingi, ndefu. Ukikosea moja, hakuna picha.

Nilihangaika siku tatu. Siku ya nne, mchana, uso wa yule bingwa ukatokea kwenye kioo, akasema anatuona. Masista wakapiga makofi. Nilikaribia kulia.

Ilibaki kazi moja: kuhifadhi mipangilio, ili umeme ukikatika mpaka betri yake ndogo ikaisha, zile namba zisifutike. Lakini ukihifadhi, kifaa kinajizima na kuwaka upya. Nikaogopa. Je, picha isiporudi? Nje mvua ilikuwa inakuja, na lori la ndizi lililotupa lifti lilikuwa linapiga honi.

"Umehifadhi, mwanangu?" Mzee Kobelo aliniuliza akiwa mlangoni.

"Nimehifadhi, mzee."

Akasaini fomu ya makabidhiano kwa jina lake.

Nilijiambia nitarudi wiki inayofuata kumalizia. Sikurudi...

Miezi kama miwili baadaye nilikuwa peke yangu ofisini, sauti ya sista ikaja kwenye redio ya mawasiliano.

"Dada, umeme ulikatika mpaka betri ya kile kisanduku ikaisha. Tumewasha jenereta, taa zimerudi, lakini picha haipo. Daktari yuko na mama mezani, mtoto amekaa vibaya. Tubonyeze wapi?"

Nilijua palepale. Zile namba zilikuwa kwenye daftari langu, mbele yangu. Ningeweza kuanza kumsomea. Lakini kumsomea kulikuwa ni kukiri kwamba sikuhifadhi.

Nikamwambia azime, asubiri, awashe. Akafanya. Nikamwambia arudie, huku nikijua haisaidii kitu. Kitufe cha redio kikawa kinaniteleza. Mara ya tatu ndipo nikafungua daftari. Tulikuwa hatujafika nusu ya namba aliposema kwa sauti ya chini, "Basi, dada. Acha tu."

Mama alipona. Mtoto hakupona.

Daktari alisema huenda hata picha isingesaidia. Huenda... Nimeishi na neno hilo mpaka leo.

Mkurugenzi akatuita wote, akauliza nani alisaini. Mzee Kobelo akanigeukia mbele ya watu.

"Felista, siku ile ulihifadhi?"

"Nilihifadhi, mzee."

Akafukuzwa wiki ileile. Mimi nikapewa nafasi yake. Mnaujua woga wa mtu anayepongezwa? Kila redio ile ilipoita, nilitafuta sababu ya kutoka nje.

Mwaka jana nikashindwa kuendelea. Nikapanda hadi Mgeta, Mzee Kobelo anakolima kabeji siku hizi. Nikamwamkia, nikapiga magoti palepale shambani, nikamweleza yote, hata zile dakika nilizozipoteza kwa makusudi. Aliendelea kung'oa magugu.

"Uliponijibu mbele ya mkurugenzi nilijua hukuhifadhi," akasema hatimaye. "Hilo nilikusamehe siku ileile, ulikuwa mtoto. Hizo dakika sikuzijua. Hizo si zangu kusamehe. Nenda kwa yule mama."

Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza niliishia njiani. Mara ya pili sista mmoja alinionyesha, nikamkuta anauza ndizi nje ya nyumba yake. Nikanunua. Akaniongezea mbili, akasema nisalimie nyumbani. Nikaondoka, sikusema neno.

Ndugu zangu, hasa mnaoanza kazi, nawasihi. Ukikosea, sema wakati bado kuna dakika za kuokoa kitu. Aibu ya kusema nimekosea ni ya siku moja. Hii ya kwangu haijaisha.

Jumamosi nitakwenda tena kwa yule mama. Nilimwomba Mzee Kobelo anisindikize. Amekataa.